Dakika 44 Bila Usukani

Tarehe 10 Oktoba 1989, mkulima mmoja karibu na mji mdogo wa Alta, jimbo la Iowa nchini Marekani, alikuwa anavuna mahindi mashine yake ilipogonga kitu kizito katikati ya shamba. Alikuta bonge la titaniamu lenye mabaki ya mapanga ya feni. Kwa karibu miezi mitatu helikopta zilikuwa zimepita juu ya mashamba ya eneo lile zikilitafuta, na kampuni ya General Electric ilikuwa imetangaza zawadi ya fedha kwa atakayeliokota.

Lilikuwa sehemu kubwa ya diski, lile gurudumu linaloshika mapanga ya mbele ya injini ya ndege. Tarehe 19 Julai ilikuwa imechomoka kwenye mkia wa ndege ya abiria iliyokuwa futi 37,000 angani, ikaiacha ndege hiyo na watu wake 296 bila njia ya kuiongoza. Yaliyofuata kwa dakika 44 marubani bado wanafundishwa. Yaliyotangulia, yaani namna kipande cha chuma chenye kasoro tangu kiwandani kilivyoruka miaka 17 na kupita mikononi mwa wakaguzi mara sita, hayasimuliwi sana, ingawa ndiyo yaliyoua.

Safari ilikuwa ya kawaida kabisa. United Airlines namba 232 iliondoka Denver saa nane na dakika tisa mchana, kwa saa za Chicago, ikielekea Chicago na baadaye Philadelphia. Ilikuwa Jumatano ya katikati ya likizo, na kampuni ilikuwa na ofa ya Siku ya Watoto: mtoto anayefuatana na mtu mzima alisafiri kwa senti moja. Ndiyo maana kati ya abiria 285 walikuwemo watoto 52. Wanne kati yao hawakuwa na kiti. Walipakatwa na wazazi wao.

Ndege yenyewe ilikuwa DC-10 iliyoundwa na McDonnell Douglas mwaka 1971. Wasomaji wa Kongo wa umri fulani wanaijua aina hiyo, kwa kuwa Air Zaïre iliirusha: ndege pana yenye injini tatu, moja chini ya kila bawa na ya tatu mkiani. Jina lake lilikuwa limeshachafuka. Machi 1974 mlango wa mizigo wa DC-10 ya Turkish Airlines ulifunguka karibu na Paris, wakafa watu 346. Mei 1979 injini ya DC-10 ya American Airlines iling'oka bawani wakati wa kuruka Chicago, wakafa 273, wawili kati yao wakiwa ardhini. Katika ajali zote mbili waundaji walionywa jambo lile lile: ndege hii ikipasuka mahali pabaya, mishipa inayoiongoza inakatika kwa pamoja.

Mishipa hiyo ni mabomba ya haidroliki. Mikono ya rubani haiwezi kusogeza vipande vya mbawa na mkia vya ndege ya ukubwa ule. Anapogeuza usukani anafungua vali tu. Kazi ya kusukuma inafanywa na mafuta maalumu yenye shinikizo kubwa. DC-10 ilikuwa na mifumo mitatu ya namna hiyo, kila mmoja na pampu zake na tangi lake. Mmoja ukifa, mwingine unashika kazi. Ukifa wa pili, wa tatu unatosha kuitua ndege salama. Uwezekano wa yote mitatu kufa katika safari moja ulikadiriwa kuwa mmoja katika bilioni, kwa hiyo hakuna aliyeandika maelekezo ya nini kifanyike likitokea hilo.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwenye karatasi na mbovu kwenye mkia. Mabomba ya mifumo yote mitatu yalipita ndani ya mbawa ndogo za mkiani, chini ya injini namba mbili. Mifumo mitatu ilikuwa mitatu kila mahali isipokuwa pale.

Saa tisa na dakika 16 alasiri, ndege ikiwa inapinda taratibu kulia juu ya Iowa, ulisikika mshindo mkubwa nyuma. Wahudumu waliokuwa wanapita na vyombo vya chakula walijikuta sakafuni. Kule mbele Kapteni Al Haynes, mwenye miaka 57, rubani wa zamani wa kikosi cha Marine mwenye karibu saa 30,000 za urubani, aliona haraka kwamba injini ya mkiani imekufa. Kwa ndege ya injini tatu hilo si janga. Yeye na mhandisi wa ndege Dudley Dvorak wakaanza kufuata orodha ya kuizima.

Hatua ya kwanza ilikuwa kurudisha nyuma kishikio cha nguvu cha injini ile. Kiligoma. Ya pili, kufunga mafuta. Nayo ikagoma. Wakati huo huo rubani msaidizi William Records akasema hawezi kuidhibiti ndege. Haynes alipogeuka aliona kitu ambacho hakuna rubani anayetarajia kukiona akiwa futi 37,000: Records alikuwa ameuvuta usukani hadi kifuani na kuuzungusha kushoto mpaka mwisho, na ndege ilikuwa inalalia kulia na kushuka pua. Usukani ulisema hivi, ndege ilifanya vile. Dvorak akatazama saa za haidroliki. Shinikizo la mfumo wa kwanza, sifuri. La pili, sifuri. La tatu, sifuri. Na matangi matupu.

Ndege ilipolala kwa nyuzi 38 kulia, ikikaribia kupinduka, Haynes alikirudisha nyuma kishikio cha injini ya kushoto na kukisukuma mbele cha kulia. Bawa la kulia likainuka polepole. Hakufundishwa hivyo popote. Tangu sekunde ile injini mbili zilizobaki zikawa ndiyo usukani pekee: ongeza kulia, ndege inapinda kushoto, ongeza kushoto, inapinda kulia, ongeza zote, pua inainuka, punguza zote, inashuka.

Kuyasema hayo ni rahisi. Shida ni kwamba injini kubwa huchelewa kuitikia, na ndege iliyopoteza udhibiti wa mkia wake haiendi sawa. Ilipanda na kushuka kama jahazi kwenye mawimbi ya kusi, kila wimbi likichukua kati ya sekunde 40 na 60, na katika kila wimbi walipoteza mamia ya futi ambazo hawakuweza kuzirudisha. Ili kulituliza wimbi, rubani anatakiwa kupunguza nguvu pua inapoinuka na kuongeza inaposhuka, na afanye hivyo kabla, si baada. Akikosea wakati, analikuza badala ya kulimaliza.

Dvorak aliwapigia redio wataalamu wa matengenezo wa United huko San Francisco. Wakamuuliza ni mfumo upi umekufa. Akajibu, yote. Wakauliza tena. Wakafungua vitabu, wakatafuta, wakarudi na kuuliza tena kama kweli ni yote mitatu. Msomaji anaweza kuwacheka, lakini wale hawakuwa wazembe: vitabu vyao havikuwa na ukurasa wa kuwasaidia, na akili ya mtaalamu inakataa kuamini jambo ambalo amefundishwa kwamba haliwezekani. Msaada ukatoka kwenye kiti cha abiria.

Katika daraja la kwanza alikuwepo Denny Fitch, mwenye miaka 46, mkufunzi wa marubani wa DC-10 wa kampuni hiyo hiyo aliyekuwa anarudi nyumbani. Alimwomba mhudumu amwambie kapteni kwamba yupo kama anahitajika. Haynes akamwita mara moja. Akamtuma kwanza nyuma akatazame mbawa dirishani; Fitch akarudi na habari kwamba hakuna kinachosogea. Basi Haynes akamwambia ashike vishikio vya injini, ili yeye na Records wabaki na usukani na redio. Fitch akapiga magoti sakafuni katikati ya viti vyao, kishikio kimoja katika kila mkono, macho kwenye saa.

Hakuwa mgeni wa tatizo hilo. Agosti 1985 Boeing 747 ya Japan Air Lines ilipoteza haidroliki zote baada ya ukuta wa nyuma kupasuka; ilizunguka zaidi ya nusu saa kabla ya kugonga mlima, wakafa 520 na kupona wanne. Fitch alikuwa ameifikiria sana ajali ile, na kwenye mashine ya mazoezi alikuwa amejaribu kuona kama ndege inaweza kuongozwa kwa injini peke yake. Pengine hapakuwa na rubani mwingine katika kampuni nzima aliyekwisha kulijaribu jambo hilo kwa hiari yake, na siku hiyo alikuwa amekaa viti vichache nyuma ya mlango wa marubani. Bahati ya namna hiyo haiwekwi kwenye mpango.

Lakini kumkubali kulikuwa uamuzi, si bahati. Miaka michache tu kabla yake kapteni wa ndege alikuwa mfalme, na wasaidizi walimwogopa kiasi cha kufa kimya. Desemba 1978 DC-8 ya United ilizunguka angani karibu na Portland huku kapteni akishughulika na gurudumu lililomtia wasiwasi. Mafuta yakaisha, ingawa wenzake waliona saa ya mafuta ikishuka na hawakumkazia neno. Walikufa watu 10. Kuanzia 1981 United ikawalazimisha marubani wake kujifunza kusikilizana: kapteni aulize, wa chini yake aseme, kila mwenye wazo alitoe. Baadhi yao waliliona somo hilo kuwa porojo. Haynes alisema baadaye kwamba bila somo hilo wasingefika Sioux City, mji wa Iowa walikoelekezwa kutua. Kwa maelezo yake, ndani ya chumba kile walikuwa na uzoefu wa urubani wa miaka zaidi ya mia moja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanya mazoezi ya hali ile. Kwa nini yeye peke yake ndiye awe na jibu?

Rekodi ya sauti za chumba kile inaonyesha alichomaanisha. Amri ni chache. Kuna kuulizana, kupendekeza, kukosoana bila adabu za bure, na mara kwa mara utani. Fitch aliwaahidi bia yakiisha haya. Haynes akajibu kwamba yeye hanywi, lakini siku hiyo atakunywa. Na mwongozaji ndege wa Sioux City, Kevin Bachman, aliyekuwa anazungumza nao kwa sauti tulivu kupita kiasi, alipowaambia wana ruhusa ya kutua njia yoyote ya uwanja, Haynes alicheka na kumuuliza kama kweli anashikilia kwamba lazima iwe njia ya ndege.

Ndege ilipenda kulia. Karibu mizunguko yote waliyoifanya ilikuwa ya kulia, ya kushoto ilitokea mara moja tu. Wakamwaga mafuta ya ziada. Wakashusha magurudumu kwa njia ya akiba. Haynes aliwatangazia abiria bila kuwaficha: itakuwa kutua kugumu kuliko chochote walichowahi kukipitia. Mkuu wa wahudumu, Jan Brown, alipita na wenzake wakionyesha namna ya kujikunja na kushika vifundo vya miguu. Kwa wale wanne wasio na kiti, maelekezo ya kampuni yalisema mtoto awekwe sakafuni, azungushiwe mablanketi na mito, na mzazi amshike. Brown akayasema maneno hayo kwa sauti, na kwa maelezo yake mwenyewe, wakati anayasema aliona hayana maana.

Walikusudia njia namba 31, yenye urefu wa futi 9,000. Walipotoka kwenye mzunguko wa mwisho wakajikuta wametazamana na namba 22, njia fupi zaidi iliyokuwa imefungwa, na magari ya zimamoto yalikuwa yamepangwa juu yake yakisubiri ndege itue kwingine. Nafasi ya kuzunguka tena haikuwepo. Magari yakaondolewa mbio.

Flapu, yaani vipande vya mbawa vinavyoiwezesha ndege kutua kwa mwendo mdogo, hazikufunguka, kwa hiyo ndege ilikuja kwa noti 215, zaidi ya kilomita 390 kwa saa, ikishuka futi 1,620 kwa dakika. DC-10 ya kawaida hutua kwa noti kama 140 na kushuka futi 300. Pamoja na hayo, walikuwa wameilenga njia. Watu wanne waliokuwa wanaongoza tani nyingi za chuma kwa vishikio viwili walikuwa wameifikisha mwanzoni kabisa mwa lami.

Ikiwa futi 100 kutoka ardhini, wimbi la mwisho likaja. Pua ikashuka, bawa la kulia likalala. Ncha ya bawa ndiyo iliyogusa kwanza, saa kumi kamili. Mkia ukakatika, chumba cha marubani kikang'oka na kurushwa pembeni, mwili wa ndege ukabingirika huku ukiwaka na kuishia kichwa chini katika shamba la mahindi la pembeni mwa uwanja. Mpiga picha wa televisheni aliyesimama kwenye uzio alilinasa tukio lote, na dunia iliyotazama picha hizo jioni ile iliamini hakuna aliyepona.

Dakika chache baadaye watu walianza kutokea katikati ya mahindi. Wengine walikuwa na damu, wengine walikuwa na mikoba yao mkononi. Mahindi yalikuwa marefu kuliko mtu, ikawa waokoaji hawaoni nani yuko wapi. Jerry Schemmel, ofisa wa ligi moja ya mpira wa kikapu aliyekuwa abiria, alishatoka nje salama aliposikia mtoto analia ndani ya moshi. Akarudi. Alimkuta kwenye kabati la mizigo la juu, ambalo kwa kuwa ndege ilikuwa imepinduka sasa lilikuwa chini, akatoka naye. Mtoto huyo alikuwa mmoja wa wale wanne waliopakatwa. Mshtuko ulikuwa umempokonya mikononi mwa wazazi wake.

Chumba cha marubani kilikuwa kimebanwa hata kikafanana na lundo la takataka la kufika kiunoni, na waokoaji walilipita wakijua hakuna wa kuokolewa hapo. Zilipita dakika 35 ndipo mtu akagundua kwamba ndani mnatoka sauti. Haynes, Records, Dvorak na Fitch walikuwa hai, wote wanne. Fitch ndiye aliyeumia vibaya zaidi.

Walipona watu 184. Katika hao, 13 hawakupata hata mkwaruzo. Waliokufa ni 112, akiwemo mmoja aliyefariki hospitalini mwezi mmoja baadaye na mhudumu mmoja wa ndege. Kati ya waliokufa siku hiyo, 35 waliuawa na moshi. Wengi wao hawakuwa na jeraha ambalo lingewaua.

Sioux City ulikuwa mji wa kawaida wenye uwanja wa ndege usiotumiwa na ndege kubwa, lakini miaka miwili kabla, mwaka 1987, Gary Brown, mkuu wa huduma za dharura wa wilaya, alikuwa ameendesha zoezi kamili la ajali ya ndege kubwa pale pale uwanjani, akaudhiwa na mapungufu aliyoyaona na kusisitiza yarekebishwe. Kikosi cha akiba cha jeshi la anga chenye makao yake uwanjani hapo kilikuwa na watu 285 kazini siku hiyo. Hospitali mbili kubwa za mji zilikuwa zinabadilishana zamu, hivyo madaktari na wauguzi wa zamu zote mbili walikuwepo. Kulikuwa na jua, upepo mdogo, na zaidi ya nusu saa ya kujiandaa. Hata hivyo si kila kitu kilikwenda vizuri: pampu ya gari kuu la kujaza maji iliharibika katikati ya kazi, na moto uliokuwa umedhibitiwa ukarudi kuuteketeza mwili wa ndege.

Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya Luteni Kanali Dennis Nielsen wa kikosi kile, amembeba mtoto wa miaka mitatu aliyelegea mikononi. Mtoto alipona. Sanamu ya tukio hilo ilisimikwa kando ya mto Missouri mwaka 1994.

NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilikuwa na ndege iliyoungua na hadithi ya mashujaa, lakini bila diski haikuwa na sababu. Ndiyo maana mavuno ya Oktoba yalikuwa na thamani.

Diski ile ilikuwa na upana wa sentimita 81 na uzito wa kilo 168. Titaniamu yake iliyeyushwa kwenye tanuri lisilo na hewa mara mbili, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule; kuanzia 1972 General Electric ilidai iyeyushwe mara tatu, ili kuondoa uchafu zaidi. Hii ilitangulia badiliko hilo kwa muda mfupi sana. Wakati wa kuyeyushwa, chembe ya titaniamu iliyochanganyika na naitrojeni na oksijeni iliganda ndani, ikawa ngumu na yenye kukatika ovyo. Katika kumalizia kazi kiwandani chembe ikatoka na kuacha kishimo kwenye ukuta wa tundu la katikati, chenye urefu usiofika milimita moja na nusu na kina kisichofika nusu milimita. Hapo ndipo ufa ulipoanzia. Kila ndege iliporuka, diski ilivutwa na mzunguko na ufa ukaongezeka kidogo. Iliruka hivyo mara 15,503. Muda wake wa kazi ulikuwa mara 18,000, kwa hiyo kwa vitabu ilikuwa na uhai mwingi uliobaki.

Kumbukumbu za kiwanda zilizidi kuchanganya mambo. Wachunguzi walikuta kwamba zilikuwepo diski mbili zenye namba moja ya utambulisho, na moja kati yake ilishawahi kutiliwa shaka katika ukaguzi wa mawimbi ya sauti.

Februari 1988, safari 760 kabla ya ajali, diski ilifunguliwa katika karakana ya United huko San Francisco na kupakwa rangi maalumu inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, ili nyufa zijionyeshe. Wachunguzi walihesabu kwamba siku hiyo ufa ulikuwa na urefu wa zaidi ya sentimita moja juu ya uso wa chuma. Mkaguzi aliyepewa diski ile aliipitisha.

Ripoti ya Novemba 1990 iliweka sababu pale: karakana haikuzingatia mipaka ya jicho na umakini wa binadamu katika ukaguzi wake, na ufa ukapita. Mjumbe mmoja wa bodi, Jim Burnett, alikataa kuishia hapo. Aliandika maoni tofauti yanayowagusa pia waundaji wa injini na wa ndege, pamoja na serikali iliyoidhinisha ndege ambayo kupasuka kwa injini moja kuliweza kufuta mifumo yote mitatu. Burnett alikuwa na hoja. Kumlaumu mtu mwenye kurunzi ni kwepesi, na alistahili sehemu yake. Lakini ndege iliyochorwa vizuri inatakiwa kuvumilia siku moja mbaya ya mkaguzi mmoja, hasa baada ya Paris na Chicago kulisema jambo hilo hilo kwa sauti ya kutosha.

Marekebisho yalifuata. DC-10 ziliwekewa vali inayokata mtiririko mkiani, ili bomba likitoboka nyuma, mfumo mmoja ubaki na mafuta mbele. Uyeyushaji na ukaguzi wa titaniamu ukaimarishwa. Marubani wazoefu waliwekwa kwenye mashine ya mazoezi na kupewa hali ile ile ya ndege 232. Hakuna aliyeweza kutua kwa kutegemewa, na bodi ikasema wazi kwamba walichofanya Haynes na wenzake kilizidi mno kile ambacho mtu angeweza kutarajia. NASA ikaichukua kazi hiyo na kuandika programu ya kompyuta inayoongoza ndege kwa injini peke yake. Tarehe 29 Agosti 1995 rubani wake Gordon Fullerton aliitua MD-11 namna hiyo kwa usalama huko California. Mashirika ya ndege hayakuinunua programu hiyo. Novemba 2003 Airbus ya mizigo ya DHL ilipigwa kombora ilipoondoka Baghdad, ikapoteza haidroliki zote, na wanaume watatu wakaitua kwa vishikio vya injini, kwa mikono, kama ilivyofanyika Iowa. Wote watatu walipona.

Haynes alirudi angani baada ya miezi michache na kustaafu mwaka 1991. Alizunguka kwa miaka mingi akihutubia, akikataa kuitwa shujaa na kusema zaidi juu ya wale 112 kuliko wale 184. Fitch alifariki 2012, Haynes Agosti 2019 akiwa na miaka 87.

Jan Brown alibeba mzigo wa aina nyingine. Alipokuwa nje ya mabaki yanayowaka, alikutana na mama mmoja anayejaribu kurudi ndani kumtafuta mwanawe. Mama huyo ndiye aliyeambiwa amlaze mtoto sakafuni, na ndiye pekee kati ya wazazi wa wale wanne aliyempoteza mtoto. Tangu siku hiyo Brown alianza kampeni ya kudai kila mtoto ndani ya ndege awe na kiti chake na mkanda wake. NTSB ilimuunga mkono tangu mwanzo. Mamlaka ya Anga ya Marekani, FAA, ilijibu kwa hesabu: wazazi wakilazimishwa kulipia kiti cha mtoto mchanga, baadhi wataamua kusafiri kwa gari, na barabarani watakufa watoto wengi zaidi kuliko watakaookolewa angani. FAA hiyo hiyo inawashauri wazazi kwamba mahali salama kwa mtoto ni kwenye kiti chake mwenyewe, si mapajani. Ushauri umebaki ushauri. Ndani ya ndege kila kikombe cha chai na kila mkoba sharti viondolewe au vifungiwe kabla ya kutua, na mtoto wa chini ya miaka miwili bado anaruhusiwa kisheria kupakatwa.